Milima ya Mwezi, Mwisho wa Reli: Nani Aliipa Kasese Majina Yake?

Wilaya ya Kasese, kule magharibi ya Uganda ambako ikweta, theluji na chumvi vimekaa jirani, ina majina ya utani mengi kuliko barabara za lami. Kampuni za utalii huiuza kwa jina la Milima ya Mwezi. Watu wa mlimani wenyewe husema Rwenzururu, nchi ya theluji. Wazee waliofanya kazi relini wanaikumbuka kama mwisho wa reli, na waliochimba Kilembe wanaikumbuka kama mji wa shaba. Ukiteremka hadi Bwera, kilometa chache tu kutoka Kongo, utakuta wachuuzi wasio na haja na jina hata moja kati ya hayo. Kwao kuna huku na kuna ng'ambo, na katikati kuna ushuru.

Nchi zetu zimejaa majina ya namna hii. Mwanza ni Jiji la Miamba. Kigezi, kusini ya Kasese, imepachikwa Uswisi ya Afrika. Rwanda ni nchi ya vilima elfu. Pemba iliitwa na mabaharia Waarabu kisiwa cha kijani. Eldoret, kule Kenya, ilijulikana kwa Sisibo, kwa sababu mji ulianzia kwenye shamba la walowezi namba 64, na wenyeji wakaitamka namba hiyo ya Kizungu kwa ulimi wao. Tunayataja majina haya kwa fahari, na mara chache tunauliza nani aliyatoa. Kasese inafaa kuulizwa, maana karibu kila jina lake lina mtu aliyelipachika na sababu iliyomfanya alipachike.

Tuanze na lile lililovuma kuliko yote. Milima ya Mwezi ni jina lililoanzia pwani, mbali kabisa na Kasese. Katika karne ya pili baada ya Kristo, Claudius Ptolemy, aliyekuwa akiandika jiografia yake mjini Alexandria, alipata habari za mfanyabiashara wa Kigiriki aitwaye Diogenes. Mtu huyu alikuwa akirudi kutoka India, upepo ukamsukuma hadi karibu na Rhapta, bandari ambayo wanahistoria wengi huiweka kwenye pwani ya Tanzania ya leo. Habari zilizomfikia Ptolemy zilisema kwamba ndani ya bara kuna maziwa yanayozaa Mto Nile, na kwamba maziwa hayo hunywa theluji inayoyeyuka kutoka kwenye milima. Wanajiografia wa Kiarabu wakaipokea habari hiyo wakaiita milima yenyewe Jabal al-Qamar, Mlima wa Mwezi, nayo imo katika ramani ambayo al-Idrisi alimchorea mfalme wa Sicily mwaka 1154.

Wapo wanazuoni waliodhani kwamba huo mwezi ulitokana na Unyamwezi, nchi ambayo misafara ya pwani iliipita tangu zamani, na kwamba mtu fulani njiani alisikia jina la watu akalidhania kuwa jina la kile kinachong'aa angani. Ni dhana tu. Lakini ni dhana tamu, na sioni ajabu kwamba wasomi wa Kizungu wa karne ya 19 waliibishania kwa bidii.

Kilichofuata ni milima kuhamahama. Jina lilikuwepo na milima haikuwepo, kwa hiyo kila msafiri aliipanda pale alipofika yeye. Wengine waliiweka Ethiopia. John Hanning Speke aliichora kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya mwenzake, maana hakuna aliyekuwa ameiona.

Ndipo tarehe 24 Mei 1888 Henry Morton Stanley, akiwa karibu na Ziwa Albert na msafara wa kumwokoa Emin Pasha, akaonyeshwa na kijana mmoja mlima ambao ulisemekana umefunikwa na chumvi. Stanley akatazama akajua kwamba ile ni theluji. Kisa hiki husimuliwa ili watu wacheke ujinga wa kijana yule. Mimi naona kijana alisema jambo la maana kuliko ramani zote za kabla yake.

Nenda Katwe uone kwa nini. Ni mwendo mfupi kutoka barabara ya Bwera, ndani ya shimo la volkano ya kale. Ukingoni mwa ziwa watu wamegawana maji mafupi kwa kuta za udongo na vijiti, kila mtu na kipande chake, kama mashamba ya mpunga. Jua la ikweta likipiga siku kadhaa bila mvua, maji yanakuwa mekundumekundu, yanakuwa mazito, kisha utando mweupe unajikusanya juu na wenye vipande wanaingia kuukwangua kwa mikono. Katikati ya ziwa wanaume hutoa mabonge ya chumvi kutoka sakafuni na kuyasukuma hadi nchi kavu. Mvua ikinyesha siku isiyo yake, kazi ya wiki inarudi kuwa maji. Chumvi hiyo ilikula njia hadi Bunyoro, Toro, Nkore na ndani ya Kongo, na wafalme waliigombea. Mwaka 1891 Frederick Lugard alijenga ngome pale Katwe, akaiita Fort George, kwa sababu aliyeishika Katwe aliushika mfuko wa eneo zima. Sasa mwambie mtoto aliyekulia katika uchumi huo kwamba kuna kitu cheupe kimerundikwa juu ya mlima. Angekiita nini? Miaka arobaini kabla yake, mwaka 1848, mwenyeji aliyemwongoza mmisionari Johannes Rebmann hadi mbele ya Kilimanjaro alikiita kile cheupe baridi. Kila mmoja alitumia neno alilokuwa nalo.

Stanley alikuwa amewahi kufika upande huu. Mwaka 1876 aliambiwa habari za mlima Gambaragara, akaipa ghuba aliyoiona jina la Beatrice, binti wa Malkia Victoria, akaondoka bila kuiona theluji. Safari hii aliandika majina kadhaa aliyoyasikia, akalichagua moja: Ruwenzori. Akalieleza kwa Kiingereza kwa maana ya mfalme wa mawingu, maelezo ambayo vitabu vya watalii vinayarudia hadi leo. Wakonzo, ambao ndio wanaoishi kwenye miteremko ile, wana neno nzururu, theluji, na mlima wao ni Rwenzururu. Ile Ruwenzori ya Stanley ilikaa katika ramani za serikali hadi mwaka 1980 ilipoandikwa Rwenzori.

Kuna jambo jingine ndani ya vitabu vya Stanley ambalo msomaji wa Kiswahili hulinasa haraka kuliko Mwingereza. Wapagazi na wakalimani wake wengi walitoka Zanzibar. Ndiyo maana kurasa zake zimejaa Unyoro, Usongora, Ukonju na Wakonju: nchi za bara zikivishwa viambishi vya Unguja. Uganda lenyewe ni jina la namna hiyo. Ni Buganda iliyotamkwa na watu wa pwani, kisha Waingereza wakalitandaza juu ya falme na watu ambao hawakuwa Waganda hata kidogo. Mkonzo wa Bwera leo hubeba pasipoti yenye jina la ufalme usio wake, jina lililopita kwanza katika kinywa cha mpagazi wa Unguja. Na juu ya jina hilo likapakwa jingine, Lulu ya Afrika, ambalo wengi humpa Winston Churchill aliyepita Uganda mwaka 1907 na kuchapisha kitabu cha safari yake mwaka uliofuata. Lulu hiyo imo hata katika wimbo wa taifa.

Stanley mwenyewe hakusalimika. Kule Kongo ya chini, alipokuwa akipasua njia kwenye maporomoko, watu walimwita Bula Matari, mvunja mawe. Yeye akalichukulia kuwa sifa. Baadaye jina likamhama, likawashika maofisa wa Mfalme Leopold, kisha likawa jina la dola yenyewe: katika sehemu kubwa ya Kongo serikali ya Wabelgiji ikaitwa Bula Matari. Sijui kama kuna dola nyingine duniani iliyopewa na wananchi wake jina la utani la haki kiasi hicho.

Baada ya Stanley wakaja wapandaji. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi kutoka Italia, alikifikia kilele cha juu kabisa, mita 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia. Cha jirani akakiita Alexandra, malkia wa Uingereza. Milima mingine ikaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin na Gessi. Ni orodha ya ajabu ukiisoma polepole. Margherita hakuwahi kukanyaga Uganda. Speke hakuwahi kuupanda mlima huu. Kitasamba, ambaye kwa imani ya Wakonzo ndiye mwenye mlima na hukaa huko juu kwenye theluji, hakupewa hata jiwe.

Hata jina la Milima ya Mwezi lenyewe limehama tena, safari hii kwa kilometa kama sabini na tano. Hoteli ya Mountains of the Moon iko Fort Portal. Chuo kikuu chenye jina hilo kiko Fort Portal. Lakini mtu anayetaka kuupanda mlima huo kwa miguu yake kwa kawaida huanzia Kasese, ama pale Nyakalengija ama Kilembe. Jina limekwenda kwa jirani na jasho limebaki huku. Watu wa Kasese wakilalamika kwamba wageni hulala kwingine, huwa hawasemi uongo.

Sasa tuje kwenye jina ambalo watu wa huku walijipa wenyewe. Miaka ya 1950 mwalimu mmoja wa Kikonzo, Isaya Mukirane, alianzisha chama cha kuchunguza historia ya maisha ya Wakonzo. Kazi yake ilikuwa kukusanya mila, koo na habari za kale. Mkusanyaji kama huyo huonekana hana madhara. Lakini wakati ule Wakonzo na Wabwamba walikuwa raia wa ufalme wa Toro, na kwa Watoro wengi wa tambarare kuitwa mtu wa mlimani haikuwa sifa. Nafasi za shule na kazi za serikali ya ufalme zilikwenda kwingine. Mwanzoni mwa mwaka 1962, Uganda ikijiandaa kwa uhuru, wajumbe wa makabila hayo mawili walitaka katiba ya Toro iwatambue kuwa sawa na Watoro. Walipokataliwa wakatoka nje ya baraza. Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya wakakamatwa.

Tarehe 30 Juni 1962, zaidi ya miezi mitatu kabla ya bendera ya Uganda kupandishwa, Mukirane alitangaza kwamba Rwenzururu ni nchi. Mwaka uliofuata ikawa ufalme, na yeye mfalme wake, Omusinga. Neno lililokuwa likitaja theluji juu ya mlima likawa na mawaziri, kodi, shule na wapiganaji. Serikali ya Milton Obote ilimtuma hata mwandishi wa Kiingereza Tom Stacey, aliyewahi kutembea milimani na Mukirane, amshawishi ashuke. Hakushuka. Alifariki mwaka 1966, na kiti kikaenda kwa mwanawe Charles Wesley Mumbere ambaye alikuwa bado mvulana.

Huu ndio mfano ninaotaka uutazame kwa makini, maana majina mengine yote katika makala hii yametolewa bure. Milima ya Mwezi haikumgharimu Ptolemy kitu. Margherita haikumgharimu malkia. Rwenzururu iliwagharimu waliojiita hivyo miaka ishirini ya kuishi vitani, hadi Agosti 1982 Mumbere aliposhuka na watu wake wakaweka silaha chini. Njiani walipata kitu kikubwa. Mwaka 1974 Idi Amin aliigawa Toro, na kutokana na mgawanyo huo ndipo zikatokea wilaya ambazo leo tunaziita Kasese na Bundibugyo.

Mumbere alikwenda Marekani kusoma, akaishia kufanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa, na kwa miaka kadhaa aliishi Pennsylvania. Hapo nacheka kidogo. Mfalme wa nchi ya theluji alihamia katika jimbo linaloitwa Jiwe Kuu la Tao, jina ambalo kwa miaka mingi lilichapwa kwenye bamba za magari. Wamarekani hufanya hivyo: kila jimbo lina jina la utani, na serikali hulitia muhuri. Pennsylvania ilipata lake kwa kukaa katikati ya majimbo kumi na matatu ya mwanzo, kama lile jiwe la juu linaloshikilia tao lisianguke. Oklahoma inaitwa jimbo la waliowahi. Aprili 1889 ardhi ya huko ilipofunguliwa kwa walowezi kwa mlio wa bunduki, wapo waliojipenyeza kabla ya saa wakajitwalia viwanja vizuri. Jina lile lilikuwa tusi la kuwaita wadanganyifu. Leo timu za chuo kikuu cha Oklahoma hulivaa kifuani. (Waliokuwa wakiishi kwenye ardhi hiyo kabla ya walowezi wote hao hawamo katika jina.)

Serikali ya Uganda iliutambua rasmi ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009, miaka 47 baada ya tangazo la Mukirane. Ungedhani hapo jina limefika nyumbani. Lakini kulikuwa na jina jingine hewani. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu, lugha zao zinasikilizana, na wote hujitambua kuwa Wayira. Kutokana na undugu huo likazuka jina Jamhuri ya Yiira, nchi ambayo ingeunganisha pande mbili za mlima. Serikali ilidai kwamba watu wa ufalme walikuwa wakiipanga. Ufalme ulikana. Novemba 2016, siku mbili za tarehe 26 na 27, wanajeshi na polisi walipambana na walinzi wa kifalme, wakaivamia ikulu mjini Kasese, na watu zaidi ya mia moja wakauawa. Mumbere alishitakiwa pamoja na wengi wengine. Mashtaka yake yaliondolewa mwaka 2023, akarejea Kasese mwaka huo huo. Hakuna ramani yenye Jamhuri ya Yiira, wala haijawahi kuwepo. Lakini sijapata kusikia jina la nchi isiyokuwepo likitajwa kwa sauti ya chini kiasi hicho.

Nikirudi mjini, majina ni mepesi zaidi. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, zaidi ya kilometa 300, na sababu yake ilikuwa moja: shaba ya Kilembe. Mgodi ulianza kuzalisha mwaka huo huo. Shaba ilishuka kwa reli hadi Jinja, ikayeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, kisha ikaendelea Mombasa. Miaka ya 1960 shaba ilikuwa ya tatu kati ya bidhaa ambazo Uganda iliziuza nje, baada ya kahawa na pamba. Kilembe ilikuwa na hospitali, shule, nyumba za wafanyakazi kwa safu, na watu kutoka kila kona ya Afrika Mashariki, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kampuni ya Kikanada iliyouendesha mgodi iliondoka miaka ya 1970, na mapema miaka ya 1980 uzalishaji ukasimama. Kule Kongo, jina la shaba lilifika mbali zaidi: Mobutu alilifuta jina la Katanga mwaka 1971 akaiita Shaba, kwa Kiswahili kabisa, na mkoa ukabaki hivyo hadi alipoanguka mwaka 1997.

Kigoma nayo ni mwisho wa reli, tangu mwaka 1914, na treni bado inafika. Kasese haina bahati hiyo. Treni imekoma miaka mingi iliyopita, na reli yenyewe katika sehemu nyingi imefunikwa na majani, nyumba na vibanda. Hata hivyo mwisho wa reli bado ni jina linaloeleweka. Mtu mzima akikuelekeza mjini anaweza kukutajia stesheni kana kwamba kuna abiria wanaosubiri. Mto Nyamwamba, ambao ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020 na kuivunjavunja hospitali ya Kilembe, umebomoa mengi ya enzi ya shaba. Jina haukuliweza.

Kuna jina la kifalme la aina nyingine kabisa ambalo halihitaji maelezo marefu. Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga ilibadilishwa miaka miwili baadaye kuwa ya Malkia Elizabeth, baada ya malkia kuitembelea. Idi Amin akaiita Rwenzori. Ziwa Edward akalipa jina lake mwenyewe, na lile la Albert likapewa la Mobutu. Amin alipoondoka, Edward na Elizabeth walirudi. Wenyeji wengi hawajisumbui: husema tu Queen, kama mtu anavyomtaja shangazi.

Ukiiacha Kasese kuelekea kusini unafika Kikorongo, pale penye duara mbili nyeupe za saruji, moja kila upande wa barabara, kuonyesha ikweta. Wageni hushuka, huweka mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini, hupiga picha. Pale pale barabara inakata magharibi kwenda Bwera. Wageni wengi hawaifuati.

Bwera, na mji wa mpakani wa Mpondwe-Lhubiriha uliochipuka kando yake, una mto mdogo wa Lhubiriha unaoutenga na Kasindi ya Kongo. Ng'ambo kuna Beni, Butembo na Lubero, eneo ambalo Wakongo huliita Kaskazini Kubwa kulitofautisha na Kaskazini Ndogo ya upande wa Goma. Vitenge na mafuta ya mawese huja huku, bidhaa za viwandani na samaki huenda kule, na kahawa huenda upande wowote ambako bei ni nzuri wiki hiyo. Wakati wa Amin biashara ya namna hiyo ilipewa jina moja Uganda nzima, magendo, na miji ya mpakani kama huu ikatazamwa kana kwamba kila mwenye baiskeli ni mhalifu. Waliokuwa wakibeba sabuni kwa shangazi zao walibeba na jina hilo.

Tangu hapo Bwera imepachikwa majina na vyombo vya habari, na hayo ndiyo mabaya kuliko yote kwa sababu hakuna anayeyasaini. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na kwa miaka mingi eneo likawa la waasi. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyevuka na familia yake kutoka Kongo alikutwa na Ebola, akapelekwa kituo cha Bwera, na kwa wiki kadhaa Bwera ikawa mji wa Ebola katika magazeti ya dunia, ingawa wahudumu wa afya wa hapo hapo ndio waliozuia ugonjwa usisambae. Juni 2023 wauaji wa ADF waliingia usiku katika shule ya sekondari ya Lhubiriha wakaua watu zaidi ya arobaini, wengi wao wanafunzi. Ukiandika neno Bwera katika intaneti leo, hayo ndiyo yanayotangulia. Kwa msomaji wa mbali, huo ndio umekuwa utambulisho wa mji wenye soko kubwa kuliko miji mingi ya wilaya.

Ile nzururu yenyewe inapungua. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilienea kilometa za mraba 6.5 hivi. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa chini ya kilometa moja ya mraba, na tangu hapo imeendelea kusinyaa hadi iliyobaki ya maana iko kwenye mlima Stanley. Mtoto anayezaliwa leo Kyarumba au Bwera huenda akazeeka katika nchi ya theluji isiyo na theluji. Hilo halitaliua jina. Kasese ni mwisho wa reli bila treni na mji wa shaba bila shaba, na majina yote mawili yanaishi. Jina hudumu maadamu lipo kundi la watu linalolihitaji, na Rwenzururu linahitajika kuliko Margherita.

Ombi langu ni kwa wenye vibao vya barabarani. Juni 2021 marais Museveni na Tshisekedi walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za Kongo, ikiwemo ile ya Kasindi hadi Beni, na mwaka 2022 Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Malori yataongezeka na vibao vitaongezeka. Vikiandikwa, viandikwe kwa tahajia ya wenye mji. Lhubiriha ina h baada ya l, sauti ambayo Kikonzo huitenga na l ya kawaida, na mara nyingi waandishi wa mbali huidondosha kana kwamba ni kosa la chapa. Waiache hapo ilipo.